Sahani ya Peke Yake

Ukitaka kumuudhi Swaumu, mchanganyie chakula. Maharage yakishagusa wali, wali huo kwake umekwisha. Hataumwaga, maana hakulelewa hivyo, ila atausogeza pembeni na kuukazia macho kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Alikuwa hivyo tangu anatambaa pale Kasulu mjini, na yuko hivyo leo, mwanamke mzima ambaye mkate wake wa kumimina unagombaniwa na watu wenye heshima zao.

Mtoto wa namna hiyo kuzaliwa katika nyumba ya watu wa sinia ni mtihani. Ukoo wa mama yake, Mwanahawa, una asili ya pwani. Walifika Ujiji na biashara, wakapanda huku milimani, wakaoana na Waha, wakakijua Kiha hadi wakawa wanaota kwa Kiha, lakini sinia hawakuliacha. Mchana ukifika, watu wanalizunguka, mikono inaingia, mazungumzo yanaendelea. Swaumu alililia sahani yake mwenyewe. Na Mwanahawa, mwanamke mpole ambaye hata kuku anawafukuza kwa adabu, kwenye jambo hilo moja alikuwa hana huruma. Alimshika mtoto mkono na kuutia kwenye sinia kwa nguvu huku mwenyewe machozi yakimlengalenga.

"Utakula na wenzio," alimwambia. "Nyumba yangu haina sahani ya peke yake."

Watu walidhani ni malezi tu. Kumbe nyumba aliyokulia Mwanahawa iliwahi kuwa na sahani hiyo. Ilikuwa ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu, na ilitundikwa kwenye msumari nyuma ya jiko, mbali na vyombo vingine. Ilikuwa ya kaka yake, Khatibu, aliyekuwa na kifafa. Na huku kwetu, tusifichane, mtu wa kifafa watu hawali naye. Wanasema mate yake yanaambukiza na povu lake ndiyo kabisa, na akianguka hakuna wa kumgusa. Khatibu alikula nyuma ya jiko tangu utoto hadi ujana. Siku moja akaangukia moto, na waliokuwepo wakasimama wanatazama, kila mmoja anamngoja mwenzake, mpaka ikabaki kumzika. Mwanahawa, msichana mdogo wakati huo, alikuwa miongoni mwa waliosimama. Hakuwahi kumsimulia mtu. Alilolifanya ni kuapa kwamba kwake yeye hakuna atakayekula kando.

Swaumu alikua akijulikana mtaani kuwa ana dharau. Waha husalimiana kwa kituo: mikono inashikwa, viganja vinapigwa, unaulizwa habari za watoto, za shamba, za mbuzi, na ukimkatisha mwenzio ni kama umeukataa undugu wake. Swaumu alikuwa akitupa salamu moja tu, "mwakeye", anapita zake. Kelele za mashine ya kusaga zilimfanya azibe masikio na kuchutama njiani. Nguo ikiwa na lebo shingoni, ataikata lebo ndipo aivae. Uongo hakuujua, hata ule mdogo wa kumwambia mtu kwamba kilemba chake kimempendeza. Walimu walimchapa, mashehe walimsomea, na mganga mmoja wa Manyovu akamfukizia majani yaliyomkohoza wiki nzima.

Ndipo dada mmoja wa kliniki akawaambia waende hospitali ya rufaa Mwanza. Huko daktari alikaa naye asubuhi nzima, kisha akasema kwamba Swaumu ana usonji. Alizaliwa nao, si laana, si kosa la mama, na si ugonjwa wa kumezea dawa.

Swaumu alilipokea neno lile kwa utulivu. "Kwa hiyo kuna wengine kama mimi?" aliuliza. Alipoambiwa wapo wengi, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Lakini aliyefurahi kupita kiasi alikuwa mama yake. Mwanahawa alirudi Kasulu na neno usonji akalitembeza mtaa mzima. Mtu akisema Swaumu hasalimii, ni usonji. Akisema hali pilau, ni usonji. Neno lilikuwa jipya, halijamzika mtu, na Mwanahawa alijifunika nalo gubigubi.

Tatizo ni kwamba alifunika nalo na jambo jingine.

Tangu Swaumu alipovunja ungo, kuna wakati alikuwa anaganda. Yuko anaongea au anakoroga unga, ghafla macho yanakodoka, vidole vinachuna upindo wa kanga, midomo inatafuna kitu kisichokuwepo. Muda mfupi tu, kisha anarudi na hajui amepitwa na nini. Mwenyewe alikuita huko "kuruka kwa dunia". Yule daktari wa Mwanza aliuliza kama huwa anaanguka na kutoka povu, na Mwanahawa akawahi kujibu kwamba hajaanguka hata siku moja. Ilikuwa kweli tupu. Swaumu naye hakuongeza neno, kwa sababu swali lilihusu kuanguka. Wakarudi nyumbani na jibu moja wakati walikuwa na maswali mawili.

Mkate wa kumimina unataka moto chini na moto juu. Unasaga mchele uliolowekwa, unatia tui, iliki, sukari na hamira, unaacha uumuke, unaumimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, kisha unaweka makaa juu ya kifuniko. Ni kazi ya kukaa karibu na moto, na Swaumu aliipenda kuliko kitu chochote duniani. Pale jikoni hakuna anayekushika mkono, hakuna anayekuuliza habari za mbuzi. Kuna unga, moto na harufu inayokwambia saa yenyewe imefika. Aliposhika jiko hilo ndipo Kasulu ilipoacha kumwita mwenye dharau ikaanza kumwita fundi.

Asubuhi moja dunia iliruka akiwa ameinamia sufuria. Mkono wake wa kushoto ukatua juu ya kifuniko chenye makaa, ukabaki hapo hapo. Mwanahawa aliiona ile picha kutoka mlangoni, na miguu yake ikagoma, vilevile kama ilivyogoma zamani. Aliyeuvuta ule mkono ni Niyomwungere, mama anayeuza mkaa, aliyekuwa ndiyo kwanza anatua gunia. Alimburuta Swaumu, akammwagia maji ya ndoo nzima, akakaa naye chini kwenye tope mpaka macho yakarudi.

"Yewe, Mama Swaumu," alisema akihema. "Huu si ule usonji uliotuambia. Mwana wanje, mwanangu mimi, alikuwa hivi hivi kabisa. Hiki kina jina lake na wewe unalijua."

"Ni usonji," alisema Mwanahawa.

"Oya, hapana. Mpeleke."

Kidonda kilipona taratibu, lakini Mwanahawa alifunga jiko. Akaajiri msichana wa kuoka, na mikate ikawa inaungua chini huku juu mbichi. Wateja wakaanza kuulizia Swaumu yuko wapi. Swaumu alikuwa ukumbini, amekalishwa kama mgonjwa, anasikia harufu ya mkate wake unaharibika na hana ruhusa ya kuinuka. Iliuma kuliko mkono, na alimwambia mama yake hivyo hivyo.

"Mama, nataka kutibiwa."

"Usonji hauna dawa, mwanangu. Daktari alisema mbele yako."

"Alisema usonji. Hakusema kuruka kwa dunia hakuna dawa. Hakuambiwa."

Mwanahawa alipanga vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimepangika.

"Nataka jiko langu," Swaumu aliendelea. "Nikikaa hapa sifi, lakini siishi pia. Kama hunipeleki, nitaenda mwenyewe nimuulize kila mtu njiani kliniki ya kifafa iko wapi."

Na Mwanahawa alijua angeuliza kweli, tena kwa sauti. Akakubali kwa sharti moja: isiwe Kasulu, ambako kila ukuta una shangazi. Waende Kibondo, ambako hawajulikani.

Basi wakaenda Kibondo. Mwanahawa alivaa baibui la safari, mtandio kaushusha hadi kwenye nyusi. Swaumu alitia pamba masikioni, akatazama misitu na mizinga ya nyuki barabara nzima, ametulia. Siku ya kliniki ilikuwa ile ile, benchi refu liko kwenye varanda, na watu wamekaa kimya wakitazama ukuta. Mwishoni mwa benchi kulikuwa na mwanamke mwingine mwenye mtandio hadi kwenye nyusi. Alipogeuka, Mwanahawa alitamani ardhi ipasuke.

Alikuwa Bi Mwajabu wa Kasulu, jirani wa mtaa wa pili, kiongozi wa akina mama wa Maulidi. Yeye ndiye aliyewahi kusema, mbele ya watu, kwamba mwenye kifafa asishike chakula cha shughuli.

"Ah, dada Mwajabu," alisema Mwanahawa. "Kumbe nawe uko huku."

"Nimekuja kuwasalimia ndugu zangu wa Murungu," alisema Bi Mwajabu. "Nikaona nipumzike kivulini kidogo."

"Nasi vilevile. Tumekuja kusalimia."

"Shikamoo, Bi Mwajabu," alisema Swaumu. "Hatukuja kusalimia. Tumekuja kliniki ya kifafa. Na benchi hili ni la foleni, ukitaka kivuli cha kupumzika kiko kule."

Wanawake wawili wazima wakainama kukagua viatu vyao. Baada ya kitambo mlango ukafunguliwa, nesi akaita, "Mwajabu," na Bi Mwajabu akainuka bila kumtazama mtu. Alipotoka alikuwa na kipakiti cha dawa ndani ya kiganja. Alimpita Swaumu, akasimama, akarudi.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "haya ya leo..."

"Sitasema," alisema Swaumu. "Kunyamaza naweza. Kusema uongo ndiko siwezi. Kwa hiyo usiniulize mbele za watu."

Bi Mwajabu akavuta mtandio, akaondoka. Kinachonichekesha katika habari hii ni hiki: watu wa Kasulu wanajificha Kibondo, na sina shaka kuna wa Kibondo wanaojificha Kasulu, na magari yanapishana njiani.

Daktari aliitwa Shamsi, kijana mwembamba mwenye subira. Aliuliza kilichowaleta, na Mwanahawa akafungua mdomo kama kawaida yake.

"Samahani mama, nitakuuliza wewe baadaye," alisema daktari. "Dada Swaumu, niambie mwenyewe."

Swaumu hakumtazama machoni, alitazama kishikizo cha koti lake, na daktari hakumlazimisha. Akamweleza yote. Kwamba kabla dunia haijaruka kunakuja harufu ya sarafu iliyoshikwa mkononi muda mrefu. Kwamba tumbo linapanda juu, halafu hakuna kitu, halafu watu wamesogea na chai imepoa. Alieleza na mkono ulivyoungua. Kisha zamu ya Mwanahawa ikafika, na mara hii, sijui ni kwa ajili ya lile kovu au kwa ajili ya Bi Mwajabu, alisema alichokuwa akikiona miaka yote: macho, vidole, midomo inayotafuna.

"Hiki ni kifafa," alisema daktari. "Si lazima mtu aanguke. Na watu wenye usonji wengi wanakuwa nacho pamoja. Usonji hatuutibu, ndivyo alivyoumbwa. Hiki kingine tunakitibu."

Mwanahawa akauliza swali ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu usichana wake. "Kinaambukiza? Kwenye kula?"

"Hapana mama. Si kwa mate, si kwa povu, si kwa chombo."

"Hata zamani?"

Daktari hakulielewa swali, lakini alijibu. "Hata zamani, mama. Hakijawahi kuambukiza."

Mwanahawa alilia pale pale, bila kujificha, akifuta uso kwa ule mtandio wa kujifichia. Swaumu alingoja amalize. Halafu akauliza lake. "Jikoni nitarudi lini?" Daktari akamwambia akishakaa muda mrefu bila kuganda, na hata hapo awe na mtu pembeni. Na dawa asiache hata akijiona amepona.

Walipokuwa wanangoja gari la kurudi, Mwanahawa alimsimulia habari ya Khatibu, ya sahani na ya moto. Hakuacha kitu, hata ile miguu iliyogoma. Swaumu alisikiliza hadi mwisho.

"Sahani yenyewe ilikuwa nzuri," alisema. "Kosa lilikuwa kuitundika nyuma ya jiko."

Dawa haikuwa lelemama. Mwanzoni ilimlaza mchana kama mlevi, na dunia iliendelea kuruka. Walirudi Kibondo, daktari akaongeza kipimo, wakarudi tena. Lakini kama kuna mtu aliyezaliwa kumeza dawa kwa saa yake, ni Swaumu. Kidonge cha asubuhi ni baada ya swala ya Alfajiri, cha usiku baada ya Isha, na nyumba nzima ingeweza kusahau kula lakini si yeye kusahau kidonge. Ile harufu ya sarafu ikaanza kuja bila kuruka, kisha ikaacha kuja. Miezi ikapita. Siku daktari aliporuhusu, Swaumu alirudi jikoni, na Niyomwungere akajipa kazi ya kukaa pembeni juu ya gunia, akitafuna muwa na kusimulia umbea ambao Swaumu, akiwa na pamba masikioni, hakuusikia hata neno.

Na sahani akanunua. Aliichagua mwenyewe sokoni: ya bati, nyeupe, ukingo wa buluu. Mwanahawa alipoiona alishika ukuta. Nyumbani alimwachia aitumie, ila kwenye shughuli za watu alimsihi aiache. Swaumu aliitikia kwamba amesikia, jambo ambalo si sawa na kukubali.

Yakafika Maulidi ya mtaa, nyumbani kwa Bi Mwajabu. Mikate yote ilitoka kwa Swaumu. Akina mama wamejaa mikekani, kaswida zimekwisha, masinia ya pilau yametua, na mikate imekatwa vipande vinapita mkono kwa mkono. Swaumu alikaa pembezoni kidogo, karibu na dirisha, akaitoa sahani yake kwenye mkoba, akapakua chakula alichokuja nacho, wali mweupe, ndizi za kupika na maharage, kila kitu mahali pake.

Kulikuwa na mgeni kutoka Ujiji, Asmahani, mwanamke mwenye macho mepesi na mdomo usio na breki. Alikuwa na kipande cha mkate mkononi.

"Yule binti mbona anakula kando?" aliuliza. "Ana nini?"

Mwanahawa alikuwa ameshafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, lile lile la kujifunikia. Swaumu akamtangulia.

"Sahani ni kwa sababu ya usonji," alisema. "Vyakula vikichanganyika siwezi kula. Kifafa ninacho pia, ninakinywea dawa, lakini hakihusiani na sahani. Nakwambia ili usichanganye."

Mikono ikasimama juu ya masinia. Asmahani alikitazama kipande alichoshika.

"Na mkate huu kaoka nani?"

"Mimi."

Asmahani akakiweka kipande chini, polepole, ukingoni mwa sinia. Mwanamke wa pembeni yake naye akaweka chake. Hapo ndipo Swaumu alipoelewa, akaona kila kitu kwa mara moja: jiko, moto, wateja, vyote viko juu ya ule mkeka, na asubuhi mji mzima utakuwa umeshaamua. Lakini hakuwa na neno la kurudisha nyuma, kwa sababu hakusema uongo, akaendelea kula.

Mwanahawa aliinuka kwenye sinia lake. Alikwenda kunawa upya, taratibu, watu wanamtazama, akarudi akavuka mikeka yote mpaka dirishani. Akakaa chini mbele ya ile sahani yenye ukingo wa buluu.

"Mwanangu," alisema, na kila mtu alisikia, "nikaribishe."

Nyuma yao sauti ya Bi Mwajabu ikasema, "Asmahani, kama kipande hicho hukitaki kilete huku. Na hicho cha mwenzio." Akavila vyote viwili, bila haraka. Alimtupia Swaumu jicho. Swaumu alinyamaza kama alivyoahidi.

Kisha akamgeukia mama yake. Mkono wa mtu mwingine kwenye sahani yake ulikuwa jambo ambalo hajawahi kuliweza maishani, na mama yake analijua hilo kuliko mtu yeyote. Akautazama ule mkono ulionawa upya, unaongoja ruhusa. Akasogeza ndizi, akasogeza maharage, akachota wali akaujengea kituo chake upande mmoja, akapiga mstari katikati kwa kidole.

"Huku ni kwako," alisema. "Usivuke."

Mwanahawa akasema Bismillahi, akatia mkono, akala, na hakuvuka.